Dawa haishoni tundu: jibu kwa dada anayemlinda mgonjwa Bukavu

Swali: «Docta, ninaandika nikiwa hospitalini hapa Bukavu, ninamlinda mdogo wangu wa kiume, miaka 19. Homa ilimshika nyumbani Kadutu. Kwenye kituo cha afya walimpima damu kwa kipimo cha Widal, wakasema ni tifoidi, wakampa vidonge vya siprofloksasini. Siku ya 13 ya homa, tumbo lilimkata ghafla, chini upande wa kulia. Shangazi akampiga puari, yaani akamsukumia maji ya majani kwa njia ya haja kubwa. Jioni maumivu yakapungua, tukashukuru Mungu. Siku ya 15 tumbo lilikuwa limevimba, maneno yake hayaeleweki, tukamkimbiza kwa motari, pikipiki ya abiria. Wakampasua, wakasema utumbo umetoboka, wakashona. Siku ya 6 homa ikarudi, wakamfungua tena. Sasa utumbo umetolewa nje kwenye mfuko, na anachomwa meropenemu ambayo imetumalizia pesa. Wajomba wanasema upasuaji wa kwanza uliharibiwa, na kama wangempa hii dawa kali tangu mwanzo asingepasuliwa kabisa. Wengine wanasema tuendelee na sindano mwezi mzima ili isirudi. Nimwamini nani?»

Dada, pole sana kwa kukesha. Nimepasua matumbo katika mji huu kwa zaidi ya miaka 20, na habari uliyoiandika ninaifahamu karibu neno kwa neno, hata ile jioni ya kushukuru Mungu. Nitairudia hiyo jioni, maana ndiyo iliyomponza zaidi kuliko chochote walichofanya madaktari.

Lakini nianze na wajomba. Hakuna antibiotiki ya bei yoyote inayoshona tundu la utumbo. Wavuvi wa sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, wanalijua hili kuliko sisi wenye koti jeupe: mtumbwi ukitoboka katikati ya ziwa, unaweza kutoa maji kwa kopo usiku kucha, na kopo linasaidia kweli, linakununulia muda, ila kama hakuna mtu aliyeziba tundu utachoka kabla ziwa halijachoka. Antibiotiki ni kopo. Tumbo likishapata njia ya kumwaga uchafu ndani, dawa inaua bakteria wa saa hii, na saa inayofuata wanamwagika wengine. Meropenemu ya siku ya kwanza hospitalini isingemwepusha mdogo wako na kisu. Ingemaliza pesa zenu mapema tu.

Kwa nini utumbo ulitoboka siku ya 13, na si siku ya 3? Tifoidi ina kalenda yake. Bakteria wake, salmonela, huingia kwa maji au chakula chenye kinyesi, kisha hujificha kwenye vinundu vidogo vya kinga vilivyo kwenye utumbo mwembamba, hasa ule mwisho wake kabla haujaungana na utumbo mpana, yaani chini upande wa kulia, pale pale alipokuonyesha kwa kidole. Wiki ya kwanza vinundu vinavimba. Wiki ya pili na ya tatu vinaanza kufa, nyama inaoza na kubanduka, na mahali pengine ukuta wa utumbo unabaki mwembamba kama ganda la nyanya iliyoiva kupita kiasi. Siku moja unapasuka. Tundu lenyewe mara nyingi halizidi punje ya haragwe. Sisi Wakongomani tuliliona jambo hili kwa ukubwa wake Kinshasa: kuanzia mwisho wa Septemba 2004 hadi mwanzo wa Januari 2005, OMS, shirika la afya duniani, ilipokea taarifa za wagonjwa 42.564 wa tifoidi, na kati yao 696 walipata peritoniti, yaani maambukizi ya utando wa ndani ya tumbo, au kutoboka utumbo. Watu 214 walikufa.

Sasa ile jioni. Utumbo ukitoboka, maumivu ya kwanza ni makali kama kisu, maana utando unaofunika tumbo lote kwa ndani umeguswa na vitu ambavyo haukuumbwa kuvipokea. Baada ya saa chache utando huo unaanza kumwaga maji mengi, uchafu unachanganyika nayo, na mgonjwa anahisi nafuu. Anaomba hata kulala. Familia inapumua, na mimi ninaogopa saa hizo kuliko saa za kulia. Uso unakuwa umenyooka, mdomo umekauka, mapigo ya moyo yanapanda. Mgonjwa wa tifoidi ambaye moyo wake ulikuwa unapiga polepole licha ya homa kubwa, ukianza kukimbia ghafla, kuna kitu kimetokea tumboni hata kama anasema hajambo. Na wagonjwa wetu wa wiki ya tatu wamekonda na kuchoka kiasi kwamba tumbo lao halikakamai kama ubao, jinsi vitabu vinavyosema. Linavimba tu, linanyamaza. Ukiweka sikio husikii utumbo ukiunguruma.

Kuhusu puari, sitamlaumu shangazi. Alifanya kile ambacho mama zetu wote walitufanyia, kwa upendo. Lakini maji yanayosukumwa kwa nguvu kwenye utumbo uliochakaa namna ile ni hatari, na hatari kubwa zaidi ni saa inazokula. Kutoka siku ya 13 hadi ya 15 ni karibu saa 48. Katika peritoniti sisi tunahesabu saa 6, saa 12. Msiligeuze jambo hili kuwa kesi ya familia, ila mtu mwingine lopangoni, uani kwenu, akikatwa na tumbo katikati ya homa ndefu, asipewe puari, asipewe dawa ya kumfanya aharishe, asipewe chakula. Apandishwe motari.

Utando niliousema, peritonea, ukiukunjua wote ungekaribia ukubwa wa ngozi ya mwili mzima. Fikiria basi mtu aliyeungua ngozi yote. Ndivyo peritoniti ilivyo, isipokuwa imefichwa ndani. Maji ya damu yanahamia tumboni, lita kadhaa kwa siku moja, bila mtu kuharisha wala kutapika sana. Ndiyo maana maneno yake yalikuwa hayaeleweki: ubongo ulikuwa unakosa damu ya kutosha. Na ndiyo maana walipompokea walianza kumwekea serumu, maji ya mshipani, haraka haraka na sonda, mpira wa kutolea mkojo, ninyi mkiuliza kwa nini hawaendi blokuni, chumba cha upasuaji, mara moja. Kijana wa kilo 60 aliye katika hali hiyo anahitaji karibu lita 2 katika saa 3 za kwanza, na tunataka kuona mkojo usiopungua mililita 30 kwa saa. Ukimlaza kwenye usingizi wa upasuaji akiwa mkavu, moyo unaweza kusimama mezani. Hapo kuna mizani ngumu ambayo daktari anaibeba peke yake: kumnywesha mishipa yake vya kutosha, bila kuacha tundu likiendelea kumwaga. Saa 2 au 3 za kumwandaa ni kazi. Kungoja hadi asubuhi kwa sababu hakuna mtu wa kuamua ni kosa.

Antibiotiki inaanza saa hiyo hiyo, kabla ya kisu, ndani ya saa ya kwanza kama presha imeshuka. Kwa kawaida hapa kwetu ni seftriaksoni pamoja na metronidazoli, wakati mwingine na jentamisini. Watu huniuliza kwa nini mbili. Utumbo una bakteria wa makabila mawili: kuna wanaoishi penye hewa, kama kolibasili (E. coli), na kuna wanaoishi pasipo hewa kabisa, ambao seftriaksoni haiwawezi vizuri na metronidazoli inawamaliza. Zikitolewa pamoja, zinafunika makabila yote mawili. Huo ndio mwanzo sahihi kwa mtu anayetoka nyumbani. Hawakumnyima chochote.

Je, upasuaji wa kwanza uliharibiwa? Mimi sikuwepo blokuni, na sitamhukumu mwenzangu kwa mbali, wala kumtetea kwa sababu ya koti. Ninachoweza kukuambia ni kwamba kufunguliwa mara ya pili hakuonyeshi kosa. Nikieleza utaona mwenyewe.

Mtu akifungua tumbo la namna ile anakuta kinyesi chepesi, usaha, na utando mweupe uliogandisha matumbo pamoja. Anafuata utumbo sentimita kwa sentimita, anatafuta tundu, anakata kingo zilizooza, anashona, kisha anaosha kwa lita nyingi za serumu ya vuguvugu hadi maji yatoke meupe. Sasa, anashona kwenye nini? Kwenye utumbo uleule unaougua. Uzi unaweza kukata nyama kama unavyokata siagi. Tena vinundu vingine sentimita 10 pembeni, ambavyo siku ile vilionekana vizima, viko kwenye kalenda ileile ya tifoidi na vinaweza kutoboka siku ya nne au ya tano. Na hata kila kitu kikishikilia, usaha unaweza kujikusanya upya mahali pa chini: kwenye nyonga, chini ya kiwambo kinachotenga mapafu na tumbo, katikati ya matumbo.

Zamani baadhi yetu tulikuwa tunapanga kumfungua mgonjwa wa peritoniti kali kila baada ya saa 36 au 48, awe mbaya awe mzuri, tuoshe tena. Mwaka 2007 Waholanzi walichapisha utafiti juu ya wagonjwa 232: nusu wakifunguliwa kwa ratiba, nusu wakifunguliwa pale tu dalili zinapodai. Waliosubiri dalili hawakufa zaidi, na wengi wao waliepuka visu visivyo na lazima. Tangu hapo njia ya pili ndiyo tunayoifuata, lakini ina sharti moja: mtu awe macho kitandani pa mgonjwa, na dalili zikija asiogope kufungua. Homa ilirudi siku ya 6, wakafungua. Mtu aliyeona homa hiyo akakubali kurudi ndani ya tumbo alilolishona mwenyewe alifanya jambo gumu. Kiburi chetu hutusukuma kubadilisha antibiotiki na kungoja.

Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu mimi niliwahi kungoja. Nilikuwa daktari kijana, katika hospitali ya kijijini ambayo sitaitaja, na nilikuwa na mama aliyejifungua kwa kisu siku 5 zilizopita. Homa ilipanda jioni, ikashuka asubuhi. Nilibadilisha antibiotiki. Siku ya 7 nikabadilisha tena. Alikuwa na kwikwi zisizokoma, na mimi nikampa dawa ya kwikwi. Siku ya 9 mkubwa wangu alirudi kutoka safarini, akasimama mlangoni, akasikiliza zile kwikwi, akasema: «Mpeleke blokuni.» Usaha ulikuwa umejaa chini ya kiwambo cha mapafu, zaidi ya lita moja. Mama yule alipona, lakini alibaki kitandani miezi 2 ambayo ingekuwa wiki 2, na kunyonyesha kwake kuliishia hapo. Sijasahau kwikwi zile. Hivyo mwangalie mdogo wako: kwikwi zisizoisha, kuharisha kamasi kila baada ya dakika chache, kukosa kutoa upepo baada ya kuwa ameanza, homa ya jioni, moyo kukimbia. Ukiona moja, mwambie muuguzi saa hiyo, usingoje madaktari wapite.

Kuutoa utumbo nje, jambo linaloshtua familia kuliko yote, ni akili nzuri. Waliona kushona tena ndani ya uchafu ni kujidanganya, wakauelekeza mdomo wa utumbo kwenye mfuko. Sasa hata nyama ikichelewa kupona, hakuna kinachomwagika ndani. Mtumbwi umeletwa ufukweni.

Basi mbona sasa meropenemu, kama seftriaksoni ilikuwa sahihi? Kwa sababu bakteria wa upasuaji wa pili si wale wa wa kwanza. Ameshakaa hospitali siku 6 akipewa antibiotiki. Walio dhaifu wamekufa, wamebaki sugu, na ameokota wengine wa hospitalini. Hapa Bukavu, kama katika miji mingi, kolibasili na wenzake wenye uwezo wa kuivunja seftriaksoni si wageni tena. Hapo meropenemu ina nafasi yake. OMS imeiweka kwenye kundi la dawa za kuchungwa, na sisi hatupaswi kuianzia kwa kila tumbo, maana nyuma yake hakuna kingi. Swali la kumuuliza daktari ni hili: usaha wa upasuaji wa pili ulipelekwa labo? Antibiogramu, kipimo cha kuonyesha dawa ipi inawaweza bakteria hao, imerudi? Ikirudi, mara nyingine inaonyesha kwamba dawa ya bei ndogo inatosha, na daktari mwema atashuka bila kuona aibu. Kama haikupelekwa, uliza kwa upole kama bado inawezekana. Kwa mlinda mgonjwa anayenunua kila chupa, kuuliza hivyo ni haki.

Na mwezi mzima? Hapana, dada. Hapa nina msimamo. Mwaka 2015 ulitoka utafiti wa Marekani na Kanada juu ya wagonjwa 518 wenye maambukizi ya tumbo ambao chanzo chao kilikuwa kimeshazibwa au kukaushwa. Kundi moja lilipata antibiotiki siku 4 hivi, jingine liliendelea hadi homa na dalili zote ziishe, wastani siku 8. Matokeo yalifanana, kwenye kidonda, kwenye usaha kurudi na kwenye vifo. Wafaransa nao, mwaka 2018, walilinganisha siku 8 na siku 15 kwa wagonjwa mahututi wa reanimasioni baada ya upasuaji, na siku 15 hazikuleta faida. Kwa mdogo wako kuna la kuongeza: mbali na peritoniti, ana tifoidi yenyewe, na hiyo inataka dawa inayoiweza kwa siku 10 hadi 14. Kwa hiyo siku 4 hazimtoshi, lakini mwezi hauna msingi. Ikiwa baada ya siku 7 au 8 za dawa nzuri bado ana homa, jibu halimo kwenye chupa nyingine ya meropenemu. Jibu limo kwenye ekografi au skana, kutafuta usaha uliojificha, na kuutoa. Mkiwa na pesa za jambo moja tu, zitumieni hapo.

Pesa zinazobaki ziende kwenye chakula. Kijana aliyeugua wiki 3 na kupasuliwa mara 2 ameyeyusha nyama yake mwenyewe, na kidonda hakifungi bila protini. Wakimruhusu kula, anza kidogo kidogo: uji wa soya, mayai, samaki, maharage yaliyochujwa ganda. Mfuko ule, ukitoa zaidi ya lita moja na nusu kwa siku, unamkausha na kumwondolea chumvi. Familia nyingi hapo humpa maji matupu kwa wingi, na maji matupu yanazidisha kutoka. Mpe maji ya chumvi na sukari ya paketi, pole pole siku nzima, na pima kinachotoka kwenye mfuko, uandike. Ngozi inayozunguka mdomo wa utumbo ipakwe mafuta mazito ya zinki kabla haijachubuka, kwa sababu maji ya utumbo mwembamba yanaila ngozi kama asidi. Akipata nguvu na uzito ukarudi, kwa kawaida baada ya miezi 2 au 3, wataurudisha utumbo ndani. Msiwasukume wafanye mapema kwa sababu ya aibu ya majirani.

Neno fupi kuhusu Widal, kwa sababu karibu kila mtu mjini kwetu ana karatasi ya «tifoidi» nyumbani. Kipimo hicho ni cha mwaka 1896. Kinatafuta kumbukumbu ya mwili kuhusu bakteria, na mtu aliyekunywa maji yetu tangu utotoni anaweza kuwa na kumbukumbu hiyo bila kuugua leo. Safari hii tifoidi ilikuwa ya kweli, utumbo umethibitisha. Lakini kinachothibitisha kabla utumbo haujatoboka ni damu kuoteshwa labo. Pia siprofloksasini haina tena nguvu ile tuliyoizoea dhidi ya salmonela. Homa isiyoshuka baada ya siku 5 za vidonge inataka mtu arudi apimwe upya, asiongezewe paketi ya pili kwenye duka la dawa. Na wadogo zake wanaochota kwenye bidoni ileile pale Kadutu wachemshiwe maji kuanzia leo, kila mmoja mwenye homa ya zaidi ya siku 3 apelekwe.

Kesho asubuhi, kabla madaktari hawajapita, angalia chupa ya dreni, ule mpira unaotoa maji tumboni: imetoa kiasi gani usiku, na rangi yake. Maji ya njano mepesi yanayopungua kila siku ni habari njema. Yakiwa ya kijani, au yenye harufu ya kinyesi, waambie hata kabla ya kuwasalimu. Kisha waulize kama chanzo kimefungwa, na dawa itasimama siku gani. Waombe tarehe hiyo iandikwe kwenye fishi yake. Na mdogo wako akianza kukusumbua anataka bugali na sambaza kabla hawajamruhusu, mnyime, halafu niandikie. Hiyo ndiyo barua nitakayoifungua kwanza.